Hapo Pana Mtu

Likunja, Ruangwa
14 Julai 2024

Mdogo wangu Eva,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefika salama. Nimekaa na karatasi hii tangu nilipotoka kanisani, kwa sababu sijui nianze kwa kukuitaje. Miaka yote hii nakuita Mama Dionisia. Nimeliandika jina hilo nikalikata, nikachukua karatasi nyingine. Nimeona bora nirudi kwenye jina ulilopewa na wazazi wetu.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani wakati simu ipo. Nimekupigia, ukapokea, tukalia wote wawili mpaka salio likaisha, na hakuna aliyesema neno. Kwa hiyo barua nitampa Masoudi, dereva wa ile Noah inayokuja Nachingwea. Ndiye aliyemleta Dionisia kwangu kwa likizo, na mpaka leo akiniona anavua kofia.

Eva, nakuomba usikate tamaa. Mungu hakumwacha mwanao, na wewe hajakuacha. Kumbuka ile Zaburi ya mchungaji tuliyoikariri kwa mama tukiwa wadogo. Yupo nawe shambani, yupo nawe jikoni, yupo nawe unapokikuta kisahani chake kabatini. Na nikwambie tena niliyokuambia msibani, uyashike moyoni: Dionisia hakuteseka, na hakuwa peke yake. Nilikuwa nimekaa naye kitandani, mkono wake ndani ya mkono wangu, nikimwombea, mpaka akapumzika kama anayesinzia. Aliondokea mikononi mwangu.

Msalimie sana shemeji Ernest. Mwambie ale.

Dada yako,
Marselina


Nambambo, Nachingwea
28 Julai 2024

Dada,

Barua imefika. Masoudi ameikunja mpaka inanuka petroli, lakini imefika.

Sisi tupo. Ernest yuko kwenye mikorosho anapuliza dawa ya salfa, anarudi jioni amekuwa njano kichwa mpaka miguu, na haongei. Namwekea chakula, anakula, basi. Mikorosho imeanza kutoa maua kana kwamba nyumba hii haijapata jambo. Nimeikasirikia, mwenzangu. Miti kabisa, nimeikasirikia.

Jirani yako Hajira mshukuru sana. Mwanamke yule jamani! Hatuna udugu naye, dini si moja, ametoka huko Likunja akalala matanga kwangu mpaka mwisho, akaosha masufuria ya watu wote. Tulikaa naye sana jikoni. Anaongea taratibu yule mama, lakini anaongea.

Nina ombi moja. Nisimulie tena mwisho wa mwanangu, ila polepole, usinipitishe mbio. Alilalaje? Alisema nini? Nani mwingine alikuwepo mle chumbani? Wewe ni mwalimu, kueleza unajua. Nieleze kama unavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza.

Eva


Likunja, Ruangwa
11 Agosti 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Darasa la saba wana mitihani ya majaribio, nasahihisha mpaka macho yanauma.

Uliyouliza nakujibu. Alilala chali, katikati ya kitanda, ametulia. Nilimfunika shuka langu la maua, lile unalolipenda. Nilikuwepo mimi tu. Hajira alikuja baadaye, kila kitu kilipokwisha, akanisaidia kumwosha. Mwisho kabisa Dionisia alifungua macho, akatabasamu, akasema, "Mama mkubwa, mwambie mama nampenda sana. Namwona malaika." Kisha akayafumba. Ni neema, Eva. Watu wazima wengi hawapati kifo kama hicho. Ukilala na wazo hilo utaona Mungu alivyokuwa karibu naye.

Wanajumuiya wote wanakuombea. Unamkumbuka Mzee Saturnini, yule aliyekuwa mahututi mwezi wa sita, mpaka tukapeleka sala ya jumuiya nyumbani kwake? Amepona. Anatembea na fimbo yake. Kila Jumapili ananisubiri mlangoni pa kanisa, ananishika mikono yote miwili, ananiambia mbele za watu, "Mwalimu, sala zako ndizo zilizonirudisha." Nami najibu tumshukuru Mungu, halafu napita haraka. Sijui kwa nini nimekuandikia habari hii.

Kuwa na imani. Hauko peke yako.

Dada yako,
Marselina


Nambambo, Nachingwea
1 Septemba 2024

Dada Marselina,

Nimecheka. Mara ya kwanza tangu msiba, na nimecheka vibaya, mpaka Ernest akatoka nje kuniangalia.

"Mwambie mama nampenda sana." Dionisia huyu huyu? Mtoto aliyekuwa akienda shule ananiambia, "Haya, mie naenda, kisahani changu cha ming'oko kisiguswe"? Nyumba hii hakuna aliyewahi kusema maneno hayo, si mimi, si Ernest, na hata marehemu mama hakutuambia sisi. Tunapendana kwa kuwekeana chakula. Hayo ya kwako umeyatoa kwenye redio, dada yangu, wewe na malaika wako.

Usinikasirikie. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mama alipokuwa anashinda shamba, na ndiyo maana nakujua. Ukisema uongo unazidisha sukari. Ulipovunja mtungi wa bibi ulisema umevunjwa na mbuzi mweupe mwenye pembe moja aliyetokea upande wa kanisani. Mbuzi tu angetosha, bibi angeamini.

Kila barua unaniambia Mungu yupo nami. Najua yupo. Wala sijakuuliza Mungu alikuwa wapi. Nimekuuliza wewe ulikuwa wapi.

Siku ya Marehemu Wote tutasafisha kaburi, na Ernest atalijengea kwa matofali aliyofyatua mwenyewe. Nataka uwepo. Lakini uje na la kweli. Kama huna, usije, dada. Nitawaambia watu umebanwa na shule, na wewe na mimi tutakuwa tumeshazikana tukiwa hai.

Eva


Likunja, Ruangwa
6 Oktoba 2024

Eva,

Leo nashindwa hata kuanza na salamu yetu.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Masoudi kila akipita anapunguza mwendo mlangoni kwangu aone kama nina kitu cha kumpa, namwashiria apite.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya jumuiya. Homa ilimshika Dionisia jioni ile ile aliyofika kwangu. Nilimnunulia dawa, homa ikashuka, ikapanda, ikashuka tena. Asubuhi hiyo alikunywa uji nusu kikombe, nikajiambia ndiyo kwanza homa changa, anaendelea vizuri, nikirudi mchana nitampeleka hospitali akapimwe. Sala ilikuwa kwa Mzee Saturnini, na mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Nikafikiri, mwenyekiti asipofika kwa mgonjwa watu watasemaje? Mgonjwa wangu mwenyewe alikuwa ndani kwangu, Eva, na mimi najifunga kitenge nikamwombee mgonjwa wa watu.

Alikuwa ameketi kitandani kwangu. Akasema, "Mama mkubwa, usiende." Nikasema, "Sikawii. Mungu yupo hapa nawe." Nikarudishia mlango. Nilimwachia Mungu mwanao kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo, ili mimi nikaonekane nasali.

Na sala ilikwisha mapema. Hilo ndilo linaloniua. Ingekuwa nilicheleweshwa na rozari ningepata pa kujificha. Rozari ilikwisha, Mzee Saturnini akafunikwa vizuri akalala, na mimi nikabaki uani kwake nabishana na kina mama kuhusu vitenge vya sare ya sikukuu ya parokia. Wenzangu wanataka kijani, mimi nataka buluu. Nimesimama, nimeshika kiuno, nagombea rangi. Simu nilikuwa nimeizima kwa ajili ya sala, na sikukumbuka kuiwasha. Hajira alikuwa ananipigia.

Nilipofika nilimkuta Hajira sakafuni, ameegemea kitanda, mkono mmoja ameuinua juu ya godoro amemshika Dionisia. Alikuwa anaomba dua zake kwa sauti ya chini. Shuka la maua halikuwepo. Alimfunika kwa kanga yake mwenyewe, aliyokuwa amejitanda. Mwenye bodaboda aliyemwita yupo nje, amezima pikipiki, ameinamisha kichwa. Mkono nilioushika mimi ulikuwa umeshaanza kupoa. Sikumsikia akisema neno lolote. Ya malaika niliyatunga.

Wala hakulala katikati. Alikuwa amejibanza ukutani, mgongo wote ukutani, na kitanda changu chote kikubwa kitupu mbele yake. Amejikunja pale pembeni kama mtu anayemkwepa mtu. Hiyo ndiyo picha ninayoamka nayo kila siku. Najua alikuwa anaogopa. Ama alikuwa ananiogopa mimi, au alikuwa anauogopa ule utupu niliomwachia nikauita Mungu. Kitanda nimekiburuza chumba cha nyuma nikafunga mlango, nalala kwenye mkeka.

Uenyekiti nimeuacha, nimewaambia miguu inaniuma. Kuungama nimeungama, padre akaniondolea dhambi, nikatoka vilevile nilivyoingia, kwa sababu wewe ulikuwa hujui. Kila nilipokuandikia kwamba Mungu yupo nawe nilikuwa namsogeza Yeye mbele ili mimi nijifiche nyuma. Nina aibu, Eva. Hata jina lako naona aibu kuliandika.

Sasa umejua. Ukisema nisije, sitakuja. Kwa Ernest sema utakalo, nitalikubali.

Marselina


Nambambo, Nachingwea
20 Oktoba 2024

Dada yangu,

Milele na milele, amina. Salamu zako zote za nyuma nilikuwa sijaziitikia, pokea hii kwa zote.

Nilikuwa najua. Hajira alinisimulia jikoni, siku ya pili ya matanga. Hakukusema kwa ubaya, maskini, alidhani umeshaniambia. Nikanyamaza. Nikakuacha uniandikie malaika wako huku nikikungoja useme kwa mdomo wako. Utasema ni ukatili, na ni ukatili kweli. Ulikuwa unanifaa ukiwa mkosaji. Maadamu ni wewe, basi si mimi.

Sasa nisikilize. Hili sijamwambia mtu, hata Ernest.

Asubuhi niliyompandisha Dionisia kwenye gari la Masoudi mwili wake ulikuwa wa moto. Niliujua moto huo, nilimshika shingoni. Na haukuwa wa siku hiyo, alianza kulalamika kichwa siku kadhaa nyuma. Lakini ufuta ulikuwa umeshakauka kwenye mashada, vitumba vya mbegu vimeanza kufunguka, na unajua mwenyewe ufuta ulivyo: usipoukung'uta kwenye turubai siku yake unayamwaga mavuno yote ardhini. Tulikuwa wawili tu, mimi na Ernest. Mtoto mgonjwa nyumbani ni mtu mmoja kutoka shambani. Nikampa Panadol, nikamwosha uso kwa maji ya baridi apoe, nikamwambia, "Usimwambie mama mkubwa kama ulikuwa unaumwa, atakurudisha." Naye akatii. Lini yule mtoto alikuwa mtiifu? Nikimwambia chota maji anakwenda kucheza. Siku hiyo moja akatii.

Kwa hiyo wewe ulikuwa unaihesabu homa changa, kumbe homa ilitoka kwangu imekomaa. Ufuta tuliuvuna wote, dada. Hata punje haikupotea. Magunia yalipoondoka nilishindwa kuyaangalia. Usijitwalie kaburi lote peke yako, na mimi nina upande wangu pale.

Sasa hilo la kitanda. Umekosea, mwalimu, na umekosea sana, na kama ungemuuliza Hajira badala ya kufunga mlango usingeteseka hivi.

Hajira alikuja kurudisha ungo wako. Akasikia mtoto anaita ndani, akaingia. Dionisia alikuwa katikati ya kitanda, amejitandaza miguu huku mikono kule, unavyomjua alivyokuwa akilala. Hajira akampa maji, akakupigia, akampigia wa bodaboda, akarudi kukupigia. Wakawa wanangoja. Dionisia akamuuliza, "Mama mkubwa kasema Mungu yuko hapa. Amekaa wapi?"

Hajira anasema alikwama. Yeye Mwislamu, mtoto wa Kikristo, amwambie nini asimkosee mtoto na asimkosee Mungu? Akamwambia tu, "Yupo karibu, mwanangu. Karibu kabisa."

Basi mwanangu akaanza kusogea. Polepole, na homa ile, anajivuta kidogo anapumzika, anajivuta tena, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hajira akadhani anampa nafasi yeye. Akataka kukaa kitandani ampakate. Dionisia akamzuia kwa mkono. "Bi Hajira, hapo usikae. Hapo pana mtu." Kama alivyokuwa akiwaambia watu kwenye gari akimshikia baba yake siti. Ndiyo maana ulimkuta Hajira sakafuni. Mkono Dionisia alimpa, lakini nafasi alimnyima.

Baada ya hapo hakuulizia tena, wala hakukuita wewe, wala hakuniita mimi, na hilo liliniuma niliposikia. Hajira anasema alitulia, akawa anaangalia pale mbele yake mpaka bodaboda ikasikika inakuja. Bodaboda ilipozimwa, naye alikuwa amekwenda.

Hakuwa anamkwepa mtu, dada. Alikuwa anampisha.

Mimi sijui kwa nini Mungu hakuizuia ile homa. Nitamuuliza mwenyewe nikifika. Lakini lile neno wewe ulilisema ili upate kutoka mlangoni, na mtoto alilipokea lote kama lilivyo. Nimelia juu ya jambo hili kuliko nilivyolia makaburini, na kilio chenyewe si cha namna ile ile.

Njoo. Njoo na Hajira. Ernest nitamwambia habari ya homa mimi mwenyewe kabla hamjafika, na naogopa, kwa hiyo niombee, na safari hii uombe ukiwa nyumbani kwako. Ukipata ming'oko uniletee.

Mdogo wako,
Eva


Likunja, Ruangwa
31 Oktoba 2024

Eva,

Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakuja kesho, mimi na Hajira. Barua hii Masoudi ataileta leo ili usitukimbie. Ming'oko tumepata, Hajira ameshaichemsha, anasema nyinyi wa Nambambo hamjui kuichemsha.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mwalimu, nilikuja mara mbili. Ulinipa kiti nje ukaniongelesha habari za mvua." Ni kweli, nilifanya hivyo.

Mzee Saturnini nimemweleza yote, mlangoni pale pale pa kanisa. Hakunishika mikono. Aliketi kwenye ngazi na fimbo yake, akaniomba nimtajie jina la mtoto ili amtaje kwenye misa ya marehemu. Nikamtajia, akalirudia mpaka akalishika.

Naona umeshamwambia Ernest, maana jana amenipigia. Hakusema mengi. Aliuliza tu tutafika saa ngapi, akasema nije na viatu vya matope kwa sababu sote tutakanda udongo. Nililia baada ya kukata simu.

Na jana hiyo hiyo, nilipotoka shule, nilifungua chumba cha nyuma nikakirudisha kitanda mahali pake. Nikakilalia. Nililala ukutani, mgongo wote ukutani, kama nilivyomkuta. Nilikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani na mifupa ikaanza kuniuma. Sikumwona mtu, Eva, wala sikusikia kitu. Lakini sikujinyoosha.

Dada yako,
Marselina